Sweta la Bluu Mbele ya Pazia la Bluu

Mpiga picha wa mtaani kwetu tunamwita Macho Manne, kwa ajili ya miwani yake, ambayo mkono mmoja umefungwa kwa uzi. Chumba chake kina benchi moja, pazia la bluu ukutani, na kompyuta inayonguruma kama mgonjwa wa kifua. Zamani alisafishia picha gizani, kwenye beseni za dawa. Filamu zilipokosa wanunuzi alikuwa na miaka hamsini na mbili; bintiye akamkalisha mbele ya kompyuta, akamfundisha kushika kipanya kama anayefundishwa kushika kijiko. Wenye haraka humkimbia. Anakata picha polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Siku ile mwenye haraka nilikuwa mimi. Mwanangu wa miezi kumi alikuwa amelazwa, moyo wake una tundu, na hospitali ya nchi nyingine ilikubali kumtibu. Ilibaki pasipoti. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa saa tisa alasiri, siku hiyo hiyo, na kwenye dirisha la uhamiaji walinirudishia picha aliyompiga Macho Manne kabla hajalazwa: nyuma wanataka nyeupe, siyo bluu. Kumpiga nyingine haikuwezekana. Usoni sasa alikuwa na mpira wa kupumulia.

Niliingia kwa Macho Manne saa saba na nusu, nahema.

"Baba, naomba umbadilishie mjukuu wako rangi ya nyuma. Saa tisa wanafunga."

"Kaa kwanza, mwanangu. Ukihema hivyo na mimi nitakosea."

Siku zote hukata kwa mkono. Ila kwa kunionea huruma akachukua njia ya mkato. Programu yake ina kifimbo: ukigusa rangi, kinaikusanya yote. Akagusa bluu, akafuta. Pazia likaondoka. Sweta nalo likaondoka, maana mimi mwenyewe nilimvisha mtoto sweta la bluu. Kikabaki kichwa cha mwanangu kinaelea kwenye weupe, kinacheka.

Muuza vocha aliyekuwa kwenye benchi akachungulia. "Lo! Mzee, umemmaliza mtoto wa watu!"

"Kauze vocha zako, wewe."

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Macho Manne akaniona. Akarudisha hatua moja nyuma, na sweta likarudi.

"Kosa langu, nimekimbia. Sasa nakata kwa mkono. Usiangalie saa, mwangalie mtoto."

Akaivuta picha mpaka sikio la mwanangu likajaa kioo kizima. Akaanzia hapo, nukta kwa nukta, akishuka shingoni. Begani akakwama: bluu ya sweta na bluu ya pazia zilishikana, hakuna mpaka.

"Bega lake la kushoto likoje?"

Nikafumba macho. Ndilo bega ninalolishika nikimlaza. Nikakunja kiganja hewani, nikamwonyesha lilivyoshuka. Akachora hivyo hivyo.

Zikabaki nywele, zile laini za utosini, kila mmoja umebaki na ubluu kidogo.

"Mnyoe tu, muda umekwisha," akasema muuza vocha.

"Simnyoi. Afisa anatafuta mtoto aliye hai, nimpelekee kinyago?" Akaufuta ubluu, unywele kwa unywele, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo.

Saa nane na dakika arobaini printa ikatema picha nne. Macho Manne akafunga mlango, akanifuata mpaka uhamiaji. "Wakikataa, tunarudi wote," alisema, ingawa sote tulijua muda wa kurudi haupo.

Karani aliishika picha, akaisogeza karibu na dirisha, penye mwanga. Akapitisha ukucha kuzunguka kichwa.

"Wa kiume?"

"Wa kiume, dada."

Akapaka gundi, akabandika, akagonga muhuri.

Nilipogeuka, Macho Manne alikuwa amekaa kwenye ngazi, amevua miwani, anayasugua macho yake mekundu.

"Nenda kwa mtoto, mwanangu. Mimi niache hapa, nayapumzisha macho."