Sabuni Iliyopakwa Masizi

Mwanangu, ipo siku ninayoikumbuka kwa miguu kabla ya kichwa, maana maji yalianzia miguuni. Ilikuwa masika, miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa nikijifunza ufundi wa mabati kwa mjomba wangu Anzelmi, pale Ifakara. Usicheke. Wenzangu walishona, mimi niligonga.

Boti ya alumini ya kuvushia watu mtoni ilikuwa imetoboka kwenye kona ya chini. Mjomba akakata bati la kiraka, akaniachia nilikunje. Kanuni alikwishanifundisha: ndani ya alumini mna chembe, mithili ya punje za mchele. Kiwandani bati hubanwa na mitambo likiwa baridi, chembe zikalala na kurefuka, ndiyo maana ni gumu. Ukizidi kuligonga linazidi kukakamaa, mwisho linapasuka. Sharti ulipitishe motoni, chembe mpya zizaliwe, lilainike, ndipo ulikunje. Lakini moto uwe wa kiasi. Ukizidi, chembe hunenepa na bati huwa legelege, au huyeyuka kabisa, kwa sababu alumini haiwi nyekundu ikakuonya. Kwa hiyo tulilipaka sabuni ya kufulia. Ikigeuka nyeusi, unalitoa.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeyeyusha bati zima, na mjomba alinisema mbele ya wateja hadi nikalia. Basi siku ile niliuogopa moto. Nililigonga bati likiwa baridi, likaanza kulia kwa sauti kali, na maana ya sauti ile niliijua: linakakamaa. Kisha nikakipaka kiraka sabuni, nikakipitisha juu ya koroboi mpaka kikashika masizi. Mjomba akautazama ule weusi, akaridhika, akakibana botini kwa ribiti, vile vipini vya kugongea mabati.

Kesho yake asubuhi habari ikaja: dada yangu Leokadia ameshikwa na uchungu ng'ambo, mtoto amekaa vibaya, na pantoni imesimama kwa mafuriko. Mjomba akachukua boti ile ile tukamlete hospitali. Nilitaka kusema. Nikaona aibu, nikaingia nikakaa. Tulipokuwa tukienda halikuingia tone, nikajidanganya kwamba Mungu amenisamehe. Mficha maradhi kilio humuumbua, mwanangu, nami changu kilikuwa kinaningoja katikati ya mto.

Tukarudi na dada amelala kati yetu, mto ukiturusha. Nikasikia kitu kimelia chini, ta, kisha baridi vidoleni. Kiraka kimepasuka. Kila wimbi lilipotupiga, ufa ulirefuka.

"Maji haya yanatoka wapi?" dada akauliza. Sikuweza kumtazama.

"Mjomba," nikasema, "kiraka hakikupita motoni. Yale yalikuwa masizi ya koroboi."

Sijaogopa hivyo tena, hata siku niliyomzika mume wangu. Mjomba hakunitukana. Alinipa kasia, akavua shati, akalikunja, akaliweka juu ya ufa, akalikalia kwa uzito wake wote.

"Piga kasia, Winifrida. Usitazame chini."

Tulifika maji yako magotini, dada akipiga kelele. Mtoto alizaliwa hai jioni ile. Nilikwenda kumpigia mjomba magoti, nikitarajia anifukuze. Niliona macho yake yamejaa machozi.

"Ulijua kitapasuka, ukapanda?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kumbe uliniogopa mimi kuliko mto," akasema. "Basi na mimi nina kosa langu. Nilikugonga mno kwa maneno mbele za watu."

Neno lile liliniuma kuliko kofi.

Basi shika haya. Kutojua si aibu, na kuharibu bati si dhambi. Uovu ni kutengeneza alama ya kazi ambayo hukuifanya, kwa kuwa mwenzako ataiamini alama hiyo na kuwapakia wapendwa wake botini. Ukikosea, sema ungali nchi kavu. Nawe ukipata mwanafunzi, mkanye, kisha mwache apumue, asije akakuficha linaloweza kuua. Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kukiri, na mtu wa kumkiria ambaye hutamwogopa.