Kopa Tatu za Mpiga Chapa

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha forodha Kasesya, Mkuu wa Kituo aliitikia shikamoo yangu, akanionyesha taipureta, kisha akaniuliza kama nimewahi kushika karata. Nikasema nyumbani Kaoze tulicheza arobaini na kaka zangu.

"Basi jioni njoo. Daktari wa misheni yupo, Mwalimu Mkuu yupo, tumepungukiwa mtu."

Biashara huria ilikuwa ndiyo kwanza imeshika kasi, malori yanapanga foleni na marobota ya mitumba. Mimi kutwa nilipiga chapa, lakini macho yalikuwa dirishani kwa mkaguzi, yule anayepanda lori na kuuliza kuna nini ndani. Nilimwonea wivu kweli.

Walicheza briji, mchezo wa wenza wawili dhidi ya wawili, kila mmoja na mkono wa karata kumi na tatu. Kabla ya kucheza mnanadi: unatangaza turufu iwe nini na mtakula mara ngapi. Ree ina pointi nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja. Mkuu wa Kituo, mwenza wangu, alikuwa na sheria yake: chini ya pointi kumi na mbili, usifungue mnada.

"Na mkono ukiwa wa ajabu, Mzee?"

"Nyamaza kwa ajabu."

Ikaja nafasi moja ya mafunzo ya ukaguzi. Tuliitaka wawili, mimi na karani wa getini, na wa kupendekeza jina alikuwa Mkuu. Jioni hiyo niligawa karata mimi, kwa hiyo mnada ulianza kwangu. Nikafunua mkono: kopa saba, mkubwa wao malkia, na shupaza hata moja. Pointi hazikufika hata tano. Nikatangaza kopa tatu, yaani tutakula mara tisa: sita za msingi na tatu juu yake. Hakuna aliyethubutu kutangaza zaidi yangu. Tukala saba.

"Nani kakufundisha hivyo?" Mkuu aliuliza.

"Hakuna, Mzee. Nilijiuliza, kama mimi sina shupaza, anazo nani? Nikaona nianze juu, wakose pa kusemea."

Daktari akafunua zake, akacheka. Wao wangetangaza shupaza nne na kuzipata bila jasho. Hasara yetu ilikuwa ndogo kuliko ushindi tuliowanyima. Mkuu hakucheka. Alikusanya karata polepole, akakaa kimya mpaka wageni wakaondoka. Nilijua nafasi imekwenda.

Asubuhi akaniita. "Utakwenda wewe. Mkaguzi akingoja aone kila kitu ndipo aulize, lori limeshafika Sumbawanga."

Niliporudi na cheo changu, Mkuu alikuwa amestaafu na kwenda kwao. Nikamuuliza karani wa getini kuhusu briji.

"Briji gani, dada? Ulipoondoka, wa nne hakupatikana. Daktari na Mwalimu wakaacha kuja. Mzee akawa anagawa mikono minne, anazunguka meza peke yake."

Baadaye nilipangiwa Kipili, kisha Sumbawanga mjini, ambako nami nimestaafia. Nimefungua marobota mengi, na udadisi haujaisha. Ninalolirudia zaidi ni ukimya wa Mkuu jioni ile. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa ananiaga.