Vidole vya Mshambuliaji

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungwa macho. Sitanii. Mpima Mkuu, mzee wa Kikerewe aliyevaa koti la kaki lililojaa nyuzi mpaka kwenye kola, alitoa leso mfukoni, akanifunga nayo, kisha akaniwekea tonge la pamba kiganjani.

"Haya niambie. Safi au fifi?"

"Mzee, nitajuaje na sioni?"

"Ndiyo maana nimekufunga. Macho yana upendeleo, binti. Vidole havina."

Nikapapasa, nikabahatisha, nikakosa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha shule nilichokihifadhi ndani ya bahasha mbili, na hapo nikagundua kwamba kazi niliyoiombea Mungu ni kazi ambayo hata kipofu angenishinda. Nilirudi nyumbani Mirongo, hapa Mwanza, nimeduwaa. Sikujua kwamba mshangao ndio utakuwa mshahara wangu wa pili maisha yangu yote.

Niwaeleze ninyi vijana ambao pamba mmeiona duka la dawa tu. Kiwanda chetu cha kuchambulia pamba kilikuwa mali ya ushirika, nacho kilikaa ufukweni mwa ziwa, upande wa kuelekea Misungwi. Malori yalileta pamba mbegu kutoka vijijini, yaani pamba kama ilivyochumwa. Mashine zilitenganisha mbegu na nyuzi, nyuzi zikashindiliwa kuwa marobota. Safi ni daraja la kwanza, nyeupe isiyo na majani wala vumbi. Fifi ni ile iliyochujuka au kuchafuka. Sisi wa chumba cha madaraja tulichukua kipande kutoka kila robota, tukakivuta kwa vidole gumba, nusu tukailaza juu ya nusu, tukavuta tena, mpaka nyuzi zote zilale upande mmoja. Hapo unajua urefu wake na nguvu zake. Ukikosea, robota zima linauzwa kwa jina lisilo lake.

Nilijifunza. Baada ya miaka mitano Mpima Mkuu aliacha kunifunga leso. Alipostaafu akaniachia meza yake nyeusi, na mimi nikawa Mpima wa Kwanza, mwanamke peke yangu katika chumba kile.

Lakini kama ungeniuliza siku zile ninafanya kazi gani, ningekujibu kwamba mimi ni shabiki. Kiwanda kilikuwa na timu ya mpira, Marobota, na uwanja wake ulikuwa nyuma ya ghala la mbegu, hatua chache kutoka majini. Mpira ukipigwa juu sana ulitua kwenye magugumaji, na mechi ilisimama mpaka mtu aufuate kwa mtumbwi. Nilikaa upande wa makelele, pamoja na wapakiaji na madereva. Waliniita Kamati, ingawa sikuwa kwenye kamati yoyote, kwa sababu hapakuwa na jambo nisilolitolea uamuzi.

Wakati ule mchezaji hakulipwa kucheza. Aliajiriwa kiwandani, akaandikwa kwenye idara fulani, akacheza. Kipa wetu alikuwa mlinzi ambaye hajawahi kulinda kitu zaidi ya goli. Beki wa kati alikuwa karani wa mizani. Asubuhi moja Ofisa Utumishi aliniletea kijana mrefu, mwembamba, mwenye aibu.

"Mama Nkwimba, huyu ni Doto. Ameandikwa msaidizi wako."

"Anajua nini kuhusu pamba?"

"Anajua goli liko wapi. Asije akaingia humu ndani lakini. Vumbi la pamba litamharibia pumzi."

Nikacheka, nikakubali. Miaka saba Doto alikuwa msaidizi wangu bila kuvuka kizingiti. Alifika asubuhi, akatia sahihi mlangoni, akanisalimia "Shikamoo mayu," kama Wasukuma tunavyomwita mama, akasimama kidogo dirishani, akaenda mazoezini. Nilidhani ananisubiri nimsifie, nami nilimsifia kweli kweli. Nani hakumsifia? Siku moja ya mvua, dhidi ya timu kubwa kutoka Dar, aliuchukua mpira katikati ya uwanja, akawaacha watu watatu kwenye tope, akafunga kwa mguu wa kushoto. Nilipoteza kiatu siku ile na sikukitafuta. Goli lile nimelisimulia mpaka wajukuu wangu wanalijua kuliko sala ya jioni.

Basi ikaja miaka ya tisini, na kila kitu kikawa na mjadala. Mchana tulikusanyika kwa mama lishe karibu na lango, na mimi nilikuwa na maoni kama sufuria lina mvuke. Vyama vingi viliporuhusiwa nilisimama na sahani mkononi.

"Ligi ya timu moja ni ligi gani? Bingwa anamfunga nani?"

Fundi Mkuu wa mashine, mtu wa Mara mwenye sauti nzito na mkaidi kama mimi, hakuinua macho kwenye ugali wake. "Kamati, wewe hukubali kufungwa hata na timu ya kanisa. Chama chako kikishindwa si utachana vitambulisho?"

Watu wakacheka. Ikasemwa kwamba kiwanda kitabinafsishwa na wafanyakazi tutauziwa hisa kidogo. Nikasema tena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikasema ushirika umechoka, mwekezaji ataleta mashine mpya, na nyasi za uwanja ataleta. Nikasema nikishanunua hisa nitakuwa mmoja wa wenye timu, na kocha atanisikiliza apende asipende.

"Na kama mgeni hapendi mpira?" Fundi Mkuu akauliza.

"Kuna mtu asiyependa mpira?"

Nilisema hivyo kwa dhati kabisa. Sikuwa nimewahi kumwona.

Mgeni alipokuja alimweka meneja wake, kijana mpole mwenye mashati meupe. Tulimwita Meneja Mpya mpaka mwisho. Alitukusanya chini ya mashine zilizozimwa. Akasema kila idara itapunguzwa. Akasema hatatazama majina, atatazama mikono: baada ya wiki mbili kila mtu atafanya mtihani wa kazi aliyoandikiwa.

Wengine walijifikiria wenyewe na watoto wao. Mimi, Mungu anisamehe, nilimfikiria Doto. Tulikuwa na mechi tatu za kumaliza ligi, na bila yeye tungeshuka daraja. Kuhusu nafasi yangu sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nani angenigusa katika chumba kile?

Siku ileile nilimvuta mkono nikamwingiza ndani. "Vumbi basi," nikamwambia. "Utakohoa baadaye. Sasa kaa hapa ujifunze."

Kila mchana tulifunga mlango. Nilimfunga macho kwa kitambaa changu cha kichwa, nikamwekea tonge kiganjani. Siku ya kwanza alikosa moja tu kati ya sita. Nilibadilisha matonge, nikampa tena. Hakukosa. Nilipigwa na butwaa. Mimi ilinichukua miezi minne kufika pale.

"Doto, nani alikufundisha?"

"Wewe, mayu. Nilikuwa natazama dirishani."

Nikacheka. Nikajiambia kipaji ni kipaji, kimepanda tu kutoka miguuni hadi mikononi. Sikumuuliza zaidi. Mawazo yangu yalikuwa kwenye mechi ya Jumapili.

Siku ya mtihani sisi wapimaji tuliwekewa sampuli kumi zilezile kila mmoja, mimi meza hii, yeye meza ile, na mtaalamu wa mwekezaji katikati. Nakumbuka nilivyokuwa. Mikono ilikuwa juu ya pamba, shingo imegeukia kwa Doto. Kila alipoinua tonge moyo ulipanda nalo, kama vile anakwenda kupiga penalti. Nilifika sampuli ya saba nikaitupia jicho: nyeupe, inang'aa, safi. Nikaandika safi, nikageuka tena kumtazama.

Sampuli ya saba ilikuwa pamba iliyonyeshewa shambani, ikakauka juani. Jua huirudishia weupe, lakini nyuzi zinakuwa zimeoza. Ukiivuta inakatika kama uzi wa buibui. Mtoto wa mwezi mmoja kazini angeijua, akiivuta. Mimi sikuivuta. Doto aliivuta, akaandika fifi.

Meneja Mpya aliniita ofisini siku ya pili. Aliongea kwa adabu, hilo nalisema.

"Mama, chumba cha madaraja kitabaki na mtu mmoja. Msaidizi wako amepata kumi. Wewe umepata tisa."

"Huyo si mpimaji! Huyo ni mshambuliaji wetu!"

Akatazama karatasi zake. "Hapa ameandikwa mpimaji. Miaka saba."

Jamani! Uongo wetu wenyewe, ulioandikwa na Ofisa Utumishi na kufurahiwa na mimi kila asubuhi mlangoni, ulikuwa umenigeukia mimi. Sikuweza kusema hajawahi kufanya kazi, kwa maana ningekuwa namfukuza yeye na kuiua timu. Nikaona angalau neno moja litanifariji.

"Basi mpeni nafasi ya mazoezi jioni. Jumapili tuna mechi."

Sasa yeye ndiye aliyeshangaa. "Mechi? Mama, timu tumeifunga tangu juzi. Timu si mali, ni gharama. Pale uwanjani yatalala malori."

Sijui nilitokaje ofisini. Nakumbuka tu kwamba Doto alikuwa amesimama nje, macho mekundu.

"Mayu, naingia nimwambie ulinifundisha. Nimwambie nafasi ni yako."

"Usithubutu. Wote wawili tukalale njaa? Wewe kaa. Kesho atakuja mwenye kiwanda mwingine, apende mpira, akukute umo ndani."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nilidhani ni uchungu wa timu. Nilikwenda zangu, na zile hisa nilizozipigia kelele hazikutufikia hata karatasi zake.

Niliajiriwa na mnunuzi binafsi kwenye kituo cha kununulia pamba, ndani ndani huko Misungwi. Siku ya kwanza nilitenga marundo mawili, safi huku, fifi kule, kama nilivyofunzwa. Bosi akashuka kwenye gari lake akasimama, mikono kiunoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Napanga madaraja."

"Hapa hatupangi. Jirani yangu ananunua zote, nami nanunua zote. Changanya."

Nilichanganya. Nilifanya haraka, nikiangalia nyuma kama ninaiba kanisani. Baada ya misimu miwili wakulima wakajua kwamba hakuna anayevuta nyuzi, wakaanza kumwagia pamba maji na mchanga ili iwe nzito. Mimi niliyesema mgeni njoo mwenyeji apone nilikuwa natoa kokoto ndani ya magunia, na kila kokoto niliona ni neno langu mwenyewe la pale kwa mama lishe. Nilidumu huko mpaka magoti yakakataa, nikarudi Mirongo.

Sasa nimepumzika. Karibu na nyumba yangu kuna kibanda cha kuonyeshea mpira, na vijana wakitoka hupitia kwangu kubishana. Timu ipi inunue nani, nani aweke wapi fedha yake, chama kipi kinafaa. Wananiuliza, nami najibu. Sijapona. Ila nimejifunza kuongeza neno "nadhani", ambalo zamani sikulijua.

Doto huja kila msimu. Na yeye amestaafu juzijuzi akiwa Mpima Mkuu, na wanaomfahamu wanasema kutoka Mwanza hadi Shinyanga hakukuwa na vidole kama vyake. Huniletea tonge la pamba kwenye mfuko wa shati, navuta, nampa daraja, tunakunywa chai. Mwaka huu walikuwepo vijana wa kibandani, nami nikaanza kulisimulia lile goli. Nilipofika kwenye tope, nikamgeukia.

"Waambie mwenyewe, Doto. Uliuona wapi ule upenyo? Mapenzi ya mpira yalikufikisha wapi siku ile?"

Pale kizingitini alipozoea kukaa, akaweka kikombe chini. "Mayu, leo nikwambie?"

"Niambie."

"Mimi sikuwahi kuupenda mpira. Hata siku moja."

Vijana wakacheka, wakidhani ni utani. Yeye hakucheka.

"Ofisa Utumishi alituambia asubuhi ile, tukifungwa na wa Dar, wanne tutatolewa kwenye orodha ya kiwanda. Baba alishafariki, mama yangu alinitegemea mimi na jembe lake. Nilikimbia kwa hofu. Wale watatu niliowaacha kwenye tope hata sikuwaona. Kila asubuhi pale dirishani nilikuwa naomba uniambie ingia. Miaka saba, mayu. Nilitaka kile kiti."

Nimeshtuka mara nyingi katika maisha haya. Nilishtuka kiwanda kilipouzwa, nikashtuka nilipopewa tisa, nikashtuka nilipoambiwa changanya. Yote hayo yalikuwa mambo ya nje. Hili lilinikuta kifuani. Miaka saba mtu alisimama mlangoni kwangu ananiamkia, nami, mwenye kazi ya kujua kilichomo ndani ya tonge, nilimtazama kwa macho tu, nikamwandika ninavyotaka mimi.

Vijana wananijua, wakanigeukia wasikie uamuzi wangu.

Nilivuta kigoda kilichokuwa karibu na changu. "Doto," nikamwambia, "ingia ndani. Kaa."