Pindua Kiti Kabla Hujakikalia

Siku aliyoanguka mjomba wangu ndani ya nyumba yangu bado naikumbuka, mwanangu, kama ya jana. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, tunaishi Bondeni hapa Kyela, na mjomba alikuwa amevuka mpaka kutoka Karonga kuja kuona nilivyoiweka nyumba. Alikuwa mtu wa mwili, mkulima wa mpunga mwenye kicheko cha kutikisa bati. Nami, kwa kujivuna, nilikuwa nimenunua meza na viti vipya vilivyopakwa vanishi hadi unajiona uso. Niliviona barabarani, nikavichukua saa ileile. Sikuvikagua kwanza hata kwa kidole.

Mawifi zangu nao walikuwapo. Nikapakua wali na mchuzi, na mbasa, samaki wa ziwani, wa kuchoma. Mjomba akaketi, akaegemea nyuma acheke, kiti kikatoa mlio, kwaa! Mguu ukachomoka, naye akawa sakafuni na sahani kifuani. Wifi yangu mkubwa, Tumaini, hakucheka. Aligeuza uso pembeni tu, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Mjomba hakukasirika. Alijipangusa mchuzi, akauokota ule mguu, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mbao ilikuwa mbichi, imeshikwa kwa msumari mmoja na gundi kidogo.

"Mwanangu," akasema, "hukununua kiti. Umenunua rangi."

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi hata hicho kipande sikukipata.

Asubuhi yake akanipeleka kwa fundi mmoja wa Mbugani. Hata kabla salamu hazijaisha, mjomba alishapindua kiti miguu juu. Akanishika mkono nipapase maungio: je, ulimi wa mbao umeingia sawasawa kwenye tundu lake, au msumari ndio unaobeba kila kitu? Akakisimamisha sakafuni, akakandamiza kila pembe kuona kama kinayumba. Mwisho akasema, "Kaa sasa, jitikise bila aibu. Heri kivunjike hapa mbele ya fundi kuliko kwako mbele ya wageni."

Nilijitikisa, mwanangu! Fundi mwenyewe alicheka. Nikaagiza meza ya mninga na viti sita, naye akanionya kwamba mbao lazima zikauke kwanza. Miezi minne tulikula mkekani. Tumaini akipita anauliza, "Wifi, bado mpo chini?" Namjibu, "Bado, wifi. Karibu mkekani." Nilitabasamu, lakini moyoni nilikuwa naungua.

Meza ilipokuja, wanaume wanne waliibeba wakitweta. Na bado wapo waliosema mchagua nazi hupata koroma.

Miaka ikapita. Masika moja mto ukavunja kingo, maji yakaingia Bondeni hadi madirishani, tukakimbilia kwa ndugu. Tuliporudi, kila uani palikuwa na kilio. Makabati yamevimba kama maandazi, viti vimeachia miguu. Niliingia kwangu nikiogopa kutazama. Meza ilikuwa imesimama palepale, imejaa tope. Tuliiosha, tukaiweka kivulini ikauke polepole pamoja na viti vyake. Ilipokauka, nikakandamiza pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Haikuyumba hata moja! Nilipiga kelele za furaha peke yangu hadi majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba mwingine.

Jioni hiyo mtaa mzima ulikula kwangu kwa zamu. Tumaini alipomaliza kula akapitisha kiganja juu ya ubao. "Wifi," akasema, "kesho nipeleke kwa fundi wako." Nikampeleka, naye akapindua viti vyote vya karakana. Wakati wa kurudi akanishika bega: "Ndaga fijo." Shukrani hiyo, kwa Kinyakyusa chake, ilinifutia aibu yote ya miaka ile.

Basi wewe unayeanza maisha, usioe wala kuolewa na vanishi. Uliza mti gani, na umekauka lini. Tazama chini ya meza, ambako fundi mvivu hudhani hutachungulia. Kiti kikalie kwa muda wa mlo mzima, ukiwa na meza yake mbele, uone kama magoti yanaingia. Ukiambiwa subiri, kula mkekani bila haya. Mkeka haujamwangusha mtu.

Mungu akujalie mlo usiopungua, na watoto watakaogombea nafasi ya kuketi karibu nawe hadi nywele zako ziwe nyeupe kama zangu.