Siku Niliyomwangusha Mwali

Naomba mcheke mara moja tu, mkimaliza mnyamaze, maana hasira bado hazijaniisha. Mimi, mwalimu mzima wa Visiga, Kibaha, nimemwangusha mwali uwanjani Kisarawe mbele ya ukoo wote!

Ubaya ulianzia kwenye goti. Kano ilikatika nikicheza netiboli ya walimu (umri huu, nani alinituma?), nikapasuliwa, ikaundwa nyingine, na yule kijana wa mazoezi ya viungo akanipa kazi ya kila siku: simama kwa mguu uliopasuliwa, hesabu mpaka thelathini, kisha egemea ukuta uchuchumae nusu. Mwezi wa nne baada ya kupasuliwa maumivu yakaisha, nami nikaacha. Aliniambia, "Mwalimu, kutouma siyo kupona. Ona paja hili lilivyokonda kuliko lenzake." Nikamwona ana maneno mengi.

Sasa kwetu mwali akishafundwa na kutolewa ndani, shangazi yake ndiye anayembeba mabegani na kuzunguka naye uwanja, ngoma zinalia, mwali anacheza huko juu. Mwanaidi, binti wa kaka yangu, kaisubiri siku hiyo tangu yuko mdogo. Mama yake akanipigia simu: "Wifi, goti vipi? Kama bado, Bi Tabu jirani yangu yuko tayari kumbeba." Bi Tabu! Yule anayenisema kila shughuli kwamba sisi wa Kibaha tumelegea! Nikajibu, "Limepona zamani, mwambie apumzike."

Uongo huo mmoja tu, jamani.

Siku yenyewe nikavua hata mkanda wa goti, usionekane chini ya khanga. Mwanaidi akapanda, nikainuka, vigelegele, mzunguko wa kwanza salama, kichwa kikavimba, wapiga ngoma (wachokozi wale!) wakaongeza kasi, nami nikataka kugeuka kwa mbwembwe kwa mguu uleule, paja likatetemeka, goti likalegea kama si langu, nikajikuta nimekaa chini na Mwanaidi kapitiliza juu ya kichwa changu mpaka kwenye ngoma. Kiwiko chake kikachunika, damu kwenye khanga mpya. Na watu wazima na akili zao, badala ya kumwinua mtoto wa mwenzao, wanapiga picha kwa simu! Niliwafokea wote, hadi wajomba zangu, nikiwa nimekaa palepale kwenye vumbi, maana kusimama kwenyewe nimeshindwa.

Bi Tabu ndiye aliyesogea. Alimpangusa Mwanaidi, akachuchumaa, akampandisha, akamaliza mzunguko. Bora angenicheka.

Jioni Mwanaidi akanifuata chumbani, kiwiko kimefungwa kitambaa. Nilijiandaa kwa lawama.

"Shangazi, si ungesema tu? Mimi ningekusubiri."

Wallahi, mtoto yule angenitukana ningelala usingizi. Hasira zangu zote kwa Bi Tabu, kwa wenye simu, kwa wapiga ngoma, zikanigeukia mwenyewe.

Kila asubuhi sasa nasimama mguu mmoja karibu na karo, mswaki mdomoni, nahesabu kwa hasira. Jana nimefika kumi na tisa, nikayumba. Mdogo wake Mwanaidi atatolewa mwakani, na wifi juzi kaniuliza kama nitambeba. Nikamjibu, "Goti langu bado halina nguvu."

Maneno matano tu, na siku ile yalinishinda.