Siku Niliyomwagia Betri Munyu wa Mama Mkwe

Jamani, mimi nimewahi kusimama bila suruali mbele ya wakwe zangu, mchana kweupe, watu wakitazama, na mikono yangu miwili mizima kabisa lakini siwezi kuishusha nijifunike. Ngojeni basi, msicheke, hata sijaanza. Nikimaliza chekeni mpaka mchoke, nimeshazoea, huko kwetu Maragoli watoto ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile wananihadithia mimi mwenyewe.

Ilikuwa hapa hapa Sisibo (ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret siku zile, na wazee bado wanauita hivyo), wakati mashamba yote mpaka kule Kiplombe yalikuwa ya Wazungu, na sisi tuliotoka magharibi tulikuja kutafuta kazi. Wenzangu walipata kazi ya kukamua na kuvuna ngano, mimi nikapata kazi ya betri katika hospitali moja ndogo ya misheni. Stima ya mji ilikuwa inakatika kila mvua ikipiga, na mvua ya huku mnaijua, alasiri haikosi, kwa hivyo nyuma ya chumba cha upasuaji palikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda chupa sita kubwa za kioo zimejaa asidi na sahani za madini ya risasi. Stima ikienda, hizo chupa ndizo zinawasha taa ya daktari. Kazi yangu kuzichunga. Kila asubuhi nafyonza asidi kidogo kwa kipimo cha kioo chenye kitu kinachoelea ndani, kikizama najua betri imechoka, na maji yakipungua naongeza maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi yoyote. Zote sita zilikuwa zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine kama ng'ombe wa plau, na unajua ng'ombe mmoja akilala hakuna plau.

Mimi kazi hiyo niliipenda sana, lakini kuna mtu mmoja hakuiona kuwa kazi, na mtu huyo alikuwa Mzee Zakayo, baba yake Rasoa. Rasoa alikuwa msaidizi katika wodi ya akina mama pale pale hospitalini, msichana mrefu, mcheshi, na tulikuwa tumekubaliana sisi wawili tuoane. Mzee akakataa katakata. "Mbuzi anachungwa," alimwambia Rasoa. "Chupa huchungwa ili iende wapi?"

Sasa mama yake Rasoa akashikwa na uvimbe tumboni, akawa hali wala halali, daktari akasema lazima apasuliwe, na Mzee Zakayo akamleta mwenyewe kutoka nyumbani. Mimi nikawa kama mtu mwenye homa! Kwa maana taa itakayomwangazia mama mkwe wangu ilikuwa mikononi mwangu, na papo hapo sikuruhusiwa hata kumwona uso, mila ya kwetu haichezi, mkwe na mama mkwe hukwepana kama paka na maji, kwa hivyo asubuhi ile nilipowaona langoni nilizunguka nyuma ya chumba cha dobi, nikapita kwenye shuka zilizoanikwa, nikaingia kibandani kwangu nimeinama.

Rasoa akanifuata huko na chupa ya bia mkononi. Ndani si bia, alikuwa Mkristo safi. Ilikuwa munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe yanayochujwa kwa kulainishia mboga. "Mama ameniletea," akasema. "Wodini Sista atautupa. Nauweka hapa dirishani, Javan, usiuguse." Nikajibu, "Sawa sawa," lakini haki ya Mungu sikusikia kitu, nilikuwa naangalia vile alivyokifunga kitambaa chake kichwani. Na maji yangu ya betri je, niliyatia kwenye chupa gani? Chupa ya bia. Na ilikaa wapi? Dirishani.

Halafu nikafanya uamuzi mdogo tu, mdogo kabisa. Nikajiambia, leo sipimi asubuhi, nitapima na kujaza maji mchana, Mzee Zakayo akiwa amesimama hapa, aone kama hii ni kazi ya kuchunga chupa au ni kazi ya fundi. Nikafagia, nikapangusa vioo vikang'aa, nikavaa suruali yangu safi ya kaki yenye mstari wa pasi, nikangoja.

Mchana mama akaingizwa kwa daktari. Mzee Zakayo akashindwa kukaa kwenye benchi, akawa anatembea na fimbo yake na koti lake la mvua, akatokea mlangoni kwangu na uso umekunjamana. "Ameingia," akasema. "Haya, nionyeshe hizo chupa zako, nisije nikakaa nikilia kama mwanamke." Nikafurahi mpaka nikasahau kipimo! Nikachukua chupa dirishani, nikainua mkono juu kabisa kama mtu anayemimina chai ya wageni, nikajaza betri ya kwanza, nikajaza ya pili, nikajaza ya tatu, na muda wote naangalia uso wake, siangalii ninachomimina, naeleza, "Baba, hizi ndizo roho ya hospitali."

Mara nikasikia shhhhhh.

Nikageuka. Povu! Lilikuwa linapanda kutoka betri ya kwanza kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, na ya pili inafuata. Mzee akauliza, "Hii inachemka bila moto?" na mimi (uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni) nikamjibu, "Ndiyo Baba, ni kawaida." Kawaida gani! Povu likafurika, likamwagika sakafuni, likaelekea viatu vyake, akaruka, na mimi nikaruka, kiwiko changu kikapiga betri ya tatu, ikaenda chini pwaa, asidi ikanirukia miguuni. Nikanusa ile chupa. Munyu. Nikasema, "Mungu wangu, hii ni mboga!"

Na kabla sijavuta pumzi, radi ikapiga upande wa mji, stima ikazimika, na upande wa pili wa ukuta nikasikia sauti ya daktari ikiita, "Taa! Taa, upesi!"

Mama yuko mezani, tumbo liko wazi, na mimi ndiye nimezima taa yake kwa munyu aliouchuja kwa mikono yake mwenyewe. Nikaziacha nje zile tatu zilizokufa, nikapitisha kipande cha waya, nikaunganisha tatu zilizobaki, lakini nguvu ya nusu ni nusu. Sista akafungua dirisha la upande wa pili akapaza sauti, "Taa ni nyekundu kama kaa la jikoni! Daktari haoni! Anashikilia mshipa kwa vidole!" Mzee Zakayo akanishika shati. "Mke wangu," akasema, hayo tu.

Nje palikuwa na lori la mzungu mmoja wa mashamba, linaloleta maziwa. Dereva wake alikuwa Mzee arap Birech, mtu mkali sana, naye alikuwa barazani anakunywa chai akingoja mvua. Betri ya lori ilikuwa kwenye sanduku chini ya mlango. Sikuomba ruhusa. Spana ilikuwa mfukoni, nikafungua, nikaikumbatia ile betri kifuani, nikatimua mbio, na asidi yake nayo inanichuruzikia tumboni. Nikasikia nyuma, "Wee! Betri ya Bwana! Mwisi! Shika mwisi!" Wagonjwa wakatoka barazani, wengine na magongo yao, wakashika njia kunifuata, na Mzee Zakayo naye nyuma anapiga kelele, "Mwacheni! Mwacheni huyo ni mkwe wangu!" (Hilo neno nililisikia, jamani, hata katikati ya mbio nililisikia.)

Kibandani nikatua betri juu ya meza, lakini waya zangu zilikuwa na vichwa vya kushika sahani za zile chupa, havikushika kwenye betri ya lori. Nikazibana kwa mikono, mkono huu hapa, mkono huu pale, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Sista akapaza sauti, "Imewaka! Nyeupe! Usiachilie!"

Na mimi sikuachilia. Betri za namna hiyo hazirushi mtu kama stima ya mji, lakini ukilegeza kidogo tu taa inapepesa, na nikisikia daktari akiguna ng'ambo ya ukuta nilibana tena. Arap Birech akafika mlangoni na fimbo juu, akaniona, akasikia mlio wa vyombo vya daktari huko ndani, akashusha fimbo yake polepole. "Kumbe ni ya mgonjwa," akasema. "Si ungeniambia wewe!"

Ndipo nikaanza kuhisi kuwashwa. Kwanza magoti, halafu mapaja. Ninyi mliofanya kazi ya betri mnajua asidi inavyofanya kaki, haina haraka, inakula pole pole kama mchwa. Nikapiga kelele, "Baba, hiyo chupa! Munyu uliobaki, nimwagie, unaua asidi!" Mzee Zakayo akanitazama. Baba mkwe kumwosha mkwe mapaja, hiyo haiko katika mila ya mtu yeyote. Lakini akachukua chupa, akafumba macho, akamwaga. Shhhhhh tena, mara hii ni mimi ninayetoa povu! Kuwasha kukapoa. Lakini ile kaki, ikiwa imelowa na imeliwa, ikaanza kuachana yenyewe, kipande hiki, kipande kile, mstari wa pasi ndio ulikuwa wa kwanza kwenda. Wagonjwa mlangoni wakaanza kucheka. Rasoa akafika mbio, akaona, akajifunika uso kwa aproni, mabega yanamtikisika.

"Achilia ujifunike!" mmoja akasema.

"Siachilii!" nikajibu. "Mama yuko mezani!"

Na hakuna aliyekumbuka kuja kuniambia kwamba kazi imekwisha. Mimi nabana tu. Wakafungua mlango wa chumba cha upasuaji wakamtoa mama kwenye machela, na kwa sababu ya mvua njia ya wodini ilikuwa moja tu, chini ya paa letu, mbele ya mlango wangu uliojaa watu. Wote wakapiga kelele, "Geuka, Javan! Mama mkwe!" Nigeuke vipi, na mikono iko kwenye waya? Nikafumba macho, kana kwamba nisipomwona na yeye hanioni.

Machela ikasimama. Nikasikia sauti nyembamba ya mtu anayetoka mbali. "Huyo mtoto anasikia baridi," ikasema. "Mfunikeni."

Nikasikia kitu kizito kikinizunguka kiunoni, na mikono ya mtu inakifunga kwa nyuma. Nikafumbua macho. Lilikuwa koti la mvua la Mzee Zakayo. Alikuwa analia waziwazi, hata hajifichi tena. "Achilia sasa, mwanangu," akasema. "Amepona. Achilia."

Vidole vilikataa kufunguka, ikabidi arap Birech avibandue kimoja kimoja, huku akinung'unika kwamba betri ya Bwana imekwisha nguvu na sasa nani atasukuma lori. Tulisukuma sisi, mimi nikiwa na koti la mvua na miguu mitupu, wagonjwa wakiimba.

Kwa kosa la namna ile, mila inataka mkwe apeleke blanketi kuondoa aibu. Nilipeleka, kabla hata ya harusi. Mama akalipokea amenipa mgongo, kama inavyotakiwa, akasema blanketi ni zuri lakini haelewi ni la nini, maana yeye siku ile alikuwa amelala kwa dawa na hakuona kitu chochote. Alisema hivyo mbele ya wazee wote.

Tangu hapo niliapa, na kiapo sijakivunja: simimini kitu kabla sijakipima, hata mgeni wa namna gani awe amesimama mlangoni, na nikizungumza na mke wangu namwangalia mdomo, siangalii kitambaa. Munyu nyumbani kwetu hukaa kwenye chungu.

Na mama mkwe, mpaka leo, ukimuuliza, atakwambia hakuona kitu. Lakini kila Krismasi, bila kukosa, hunitumia suruali.