Okidi za Papa Katika Baridi ya Malvern

Enzi zetu Malvern, hapa Johannesburg, baridi haikutangazwa na simu. Uliijua kwa bomba la uani: ukilifungua asubuhi likakohoa tu bila kutoa tone, ulijua maji yameganda na leo sweta ni mbili. Sisi tuliokulia vyumba vya uani nyuma ya Jules Street tunaikumbuka harufu ya hita ya mafuta ya taa, iliyoingia kwenye nywele, kwenye daftari, hata kwenye sombe, kisamvu chetu cha Jumapili. Tunayakumbuka magwinya, yale maandazi ya moto ya spaza, duka dogo la mtaani, ambayo kwanza uliyashika kwa mikono miwili upashe vidole, ndipo ule. Shuleni tulijipanga ukutani upande wa jua kama mijusi, na kengele ya mapumziko ikilia tulicheza nzango, tukipiga makofi na kurusha miguu mpaka soksi zinashuka kwenye vifundo. Leo binti yangu akiona jua la baridi anafunga pazia. Anasema linamzuia kuona kioo cha simu.

Lakini mimi nikitaja baridi ya utoto wangu, siwezi kuitaja bila okidi za Papa.

Papa ndiye baba yangu. Wakongo wengi tunaita hivyo. Kwetu Uvira alikuwa mwalimu wa biolojia wa shule ya sekondari, mtu ambaye wanafunzi walisimama akipita. Hapa Johannesburg alikuwa mlinzi wa geti katika nyumba moja kubwa ya Kensington, na diploma yake ilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa dirishani, na sisi tulilala, tukala na kufanya kazi za shule katika nafasi iliyobaki.

Mwenye ile nyumba ya Kensington alikuwa bibi mzee, mjane. Siku moja watoto wake walimhamishia mji mwingine, na waliokuja kusafisha nyumba wakaondoa uani vyungu vitatu vya majani na kuviweka karibu na mapipa ya taka. Papa akaviomba. Akaazima toroli la mtunza bustani, akateremka nalo kutoka Kensington hadi kwetu Malvern, amevaa sare yake ya ulinzi.

Nami nilikuwa natoka shule. Nilikuwa na miaka kumi, niko na wenzangu wawili, na pale kwenye roboti, taa za barabarani za Jules Street, tukamwona mwanamume wa sare akisukuma toroli lenye majani marefu yanayoning'inia kama vitunguu vilivyozeeka. Wenzangu wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Unamjua? Amekuangalia."

Nikasema, "Simjui."

Papa alisikia. Alikuwa karibu nami kama meza hii. Aliinua mishikio ya toroli, roboti ikawa kijani, akavuka. Nyumbani hakunigombeza wala hakumwambia Mama. Aliniomba tu nimletee maji ya kumwagilia, na nikayaleta huku nikiangalia miguu yangu.

Mama naye alivitazama vile vyungu, mikono kiunoni. "Papa Noela, tulikimbia vita na mtoto mmoja na sufuria mbili. Sasa unaniletea majani?"

"Ni okidi," Papa akasema. "Zinatoa maua ambayo hujawahi kuyaona."

Jirani yetu Mama Chantal, msusi wa kutoka Lubumbashi, mwenye mdomo usiopumzika, akachungulia mlangoni. "Hizi zinapikwa na karanga ao namna gani?"

Basi tukaanza kuzitunza, na tukakosea. Papa ni mtoto wa Uvira, kando ya ziwa, ambako joto halikuachi hata usingizini. Kwake yeye, ua zuri namna hiyo lazima lilitoka msitu wa joto. Kwa hiyo baridi ilipokaribia aliviingiza vyungu ndani, akavipanga karibu na hita, na sisi tukasogea. Niliamka asubuhi jani liko usoni. Ncha za majani zikakauka, zikawa rangi ya chai. Msimu wa maua ukapita bila ua. Mwaka uliofuata tukafanya vilevile kwa bidii zaidi, na kwa bidii zaidi hatukupata kitu. Mama Chantal akapita akisema, "Mwalimu wa majani." Papa alicheka naye, lakini jioni ile alikaa akiyapangusa yale majani kwa kitambaa kibichi, moja moja, kama mtu anayemwosha mgonjwa.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Machi, shangazi yangu akafika kutoka Uvira na watoto wanne. Mtakumbuka wenyewe: mgeni hakuuliza kama kuna nafasi, nafasi ilitafutwa. Mama akatazama chumba, akatazama watoto, akatazama vyungu. Vyungu vikatoka nje siku hiyohiyo, vikawekwa ukutani chini ya ukingo wa bati, pale jua la asubuhi linapogonga. Papa alinuna juma zima. Aliniambia, "Zitakufa, Noela. Utaona."

Hazikufa. Mwezi wa Mei nilikuwa nafagia uani nikaona, chini kabisa ya majani ya chungu cha kati, kitu kama ncha nene ya penseli kinachochungulia. Nikamwita Papa. Alikuwa ametoka kazini sasa hivi, kofia bado kichwani. Akapiga magoti kwenye saruji. Akatazama chungu kile, akatazama cha pili, cha tatu. Machipukizi ya maua yalikuwa saba.

Akaketi palepale chini. "Noela, nini kimebadilika mwaka huu?"

"Shangazi amekuja."

"Na nini tena?"

"Zimelala nje."

"Zimelala nje!" Akapiga paja lake kwa kofi. "Kule Kensington zilikaa chini ya mti mwaka mzima. Kila siku nazipita, na sikuziangalia. Miaka miwili tunazipa joto, na zenyewe zilikuwa zinaomba baridi!"

Sijawahi kumwona mtu akifurahia kosa lake namna ile. Jumamosi akanichukua maktaba, yeye na kamusi yake ya Kifaransa na Kiingereza, mimi nikisoma na yeye akiandika. Tukajifunza kwamba okidi za aina hiyo asili yake ni milima ya Asia. Kwamba ubaridi wa usiku wa mwanzo wa msimu ndio unaoamsha maua. Kwamba maji katika kipindi hicho ni machache, na hutolewa asubuhi ili majani yakauke mapema. Na tukajifunza la mwisho, ambalo Papa alilipigia mistari miwili: baridi zinaipenda, barafu inaziua.

Barafu ikaja mwezi wa Agosti, maua yakiwa bado yamejifunga kama ngumi za mtoto mchanga. Redio ikatangaza mchana: wimbi la baridi linapanda kutoka kusini, kesho alfajiri kila kitu kitakuwa cheupe. Papa akawa anazunguka uani. Akiziingiza ndani kwenye hita, maua yatadondoka kabla ya kufunguka, kitabu kilisema hivyo. Akiziacha, zitaungua. Tulijaribu mablanketi, lakini yalikuwa mazito, yalipinda mashina.

Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za kwaya. Hakuwa amesema neno zuri juu ya zile okidi tangu zilipofika. Akasimama, akachukua bunda lake la kile kitambaa cheupe, chepesi kama karatasi, ambacho mafundi hutia ndani ya kola ili isimame.

"Hiki kinapitisha hewa," akasema, "na hakina uzito."

Papa akasema, "Mama Noela, hiyo ni ya kwaya."

"Kwaya itaimba na kola zilizolala Jumapili moja. Shika huku."

Jua halijazama tukachomeka vijiti vya mafagio kwenye vyungu ili kitambaa kisiguse maua, tukafunika, Mama akabana kwa pini zake za kazi. Alfajiri tulitoka sote, shangazi na watoto wake pia, tumejifunga vitenge juu ya makoti. Bati lilikuwa jeupe. Kitambaa kilikuwa kikavu na kigumu kama kadibodi. Papa akakifunua taratibu, pini moja, pini nyingine. Pembeni, shina moja lilikuwa limechomoza nje, maua yake yote yamekuwa meusi na laini. Akalikata, akalitia kwenye mfuko wa shati. Mengine sita yalikuwa hai. Mama alisema tu, "Nirudishieni pini zangu," akaingia ndani haraka, na nilimwona akifuta macho.

Yalipofunguka, jamani! Rangi ya limau bichi, na mdomo mweupe wenye madoa mekundu, maua kumi na zaidi kwa shina. Watu walikuja kutoka Jeppestown kuyaona. Mama Chantal alikuja na wateja wake wawili, nywele zimesukwa nusu, nusu zimesimama. Akayatazama muda mrefu. "Eish," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, hakuongeza kitu.

Kule maktaba palikuwa na tangazo la maonyesho ya maua katika ukumbi mmoja Kensington. Mama ndiye aliyesema tuende. Papa akaufunga mmea wa chungu cha kati, ambacho kwa kweli kilikuwa kimepasuka na sasa ulikaa kwenye ndoo kuukuu ya rangi ya ukuta, akauweka tena kwenye toroli la kuazima. Tukapanda mlima, yeye katika suti yake ya Uvira, mimi hatua tano nyuma. Miaka kumi na miwili nilikuwa nayo, na bado niliona haya.

Mlangoni alisimama mwanamume mwenye karatasi. Alimtazama Papa, akatazama toroli, akasema kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, "Wabeba mizigo mlango wa nyuma, rafiki."

Kiingereza cha Papa kilikuwa bado kichanga. Alielewa neno "nyuma" tu. Akaitikia kwa kichwa, akageuza toroli na kuanza kuzunguka jengo, maua yakitikisika. Nikauona mgongo wake katika ile suti. Sijui kilichonipata. Nilikimbia nikashika toroli, nikamgeukia yule mwanamume mbele ya watu wote waliokuwa wakishusha maua kwenye magari yao.

"Si mbeba mizigo," nikasema. "Maua haya ni yake. Ni baba yangu."

Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Mwanamume akawa mwekundu mpaka masikioni, akaomba radhi, akafungua milango yote miwili. Papa akaniuliza kwa Kiswahili, "Umemwambia nini?" Nikamwambia. Aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, tukaingia hivyo, mimi nikishika mshikio mmoja wa toroli na yeye mwingine, toroli likienda upande kama mlevi.

Tulipata nafasi ya pili kwa wanaoanza. Jaji alisema ndoo ya rangi ndiyo iliyotuangusha, na Papa akakubali kwamba jaji yuko sawa. Lakini watu walijaa kwenye meza yetu. Mama mmoja mzee, mwenye miwani minene, akamwuliza amewezaje kupata maua mengi vile katika uani wa saruji. Papa akaeleza kwa Kiswahili, mimi nikitafsiri: usiku wa baridi, maji ya asubuhi, kitambaa cha kola. Alikuwa akichora hewani kwa kidole, akiuliza swali na kusubiri jibu kabla ya kuendelea. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwulize alikuwa anafundisha wapi."

Hakuuliza kama alikuwa mwalimu. Aliuliza wapi. Nilipomtafsiria Papa, alinyoosha koti lake, akataja jina la shule yake, taratibu, herufi kwa herufi, ili yule mama aliandike.

Tangu hapo, kila mwaka maua yakimalizika, Papa aligawanya mimea na kuwapa watu. Alikuwa na darasa lake Jumamosi uani kwetu: Wakongo, Warundi, Mtanzania mmoja fundi viatu. Hakuna aliyeondoka na mmea kabla ya kujibu maswali. Mama Chantal alirudia mtihani mara mbili.

Siku hizi mambo ni mepesi. Wanangu wakitaka okidi wanaikuta dukani imeshachanua, imefungwa utepe, na maua yakidondoka wanadhani imekufa. Wakitaka kujua kama kutakuwa na barafu, simu inawaambia hadi saa. Ninawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, na nzango hawaijui. Siwalaumu sana. Hawajalala wakiwa wamebanwa kati ya cherehani na jani la okidi.

Papa sasa anakaa nasi hapa Kensington. Macho yake yamechoka. Mwezi wa Mei ukifika anatoka asubuhi na fimbo yake, anainama juu ya vyungu, anapitisha vidole chini ya majani. Kilicho bapa ni jani. Kilicho duara ni ua. Wanangu wanamulika kwa tochi za simu na kubishana na babu yao, "Koko, that's a leaf," naye anasubiri wamalize, kisha anasema, "Ua." Majuma matatu baadaye ni ua. Mwaka huu ametoka kuhesabu, akaja jikoni, akasimama wima kama mtu aliyeingia darasani.

"Ishirini na tatu," akasema.

Nikaacha uji kwenye jiko nikaanza kuwapigia simu wale wanafunzi wake wa Jumamosi.